Lozi Ndani ya Koti la Torleif

Mpendwa Dada Borghild, nisaidie kufikiri, maana jambo langu ni la lozi moja tu na naona haya kuliandika, lakini limenikosesha raha tangu majira ya kuchipua na sasa Krismasi imekaribia.

Mume wangu Torleif alifariki mwaka jana mwezi wa Oktoba, na mkesha wa Krismasi uliofuata mwanangu Halvard alikuja na mkewe Ragnhild na binti yao Tuva, wa miaka sita, tukala uji wa mchele na maziwa saa sita mchana kama kila mwaka, na ndani ya sufuria nilitia lozi moja, kwa maana anayeipata hupewa nguruwe wa marzipani, ule utamu wa lozi zilizosagwa na sukari. Kwetu anayeipata huificha shavuni mpaka sufuria iishe, ili wengine waendelee kula kwa tamaa, na Torleif alikuwa bingwa, mwaka mmoja alisali sala ya kushukuru yote na lozi imo mdomoni, na hakuna aliyejua mpaka alipomalizia amina akaitema kiganjani.

Basi mwaka jana tulikula mpaka tukakwangua sufuria na hakuna aliyesema anayo. Tuva alilia. Ragnhild akasema, kwa upole tu, "Mama, labda umesahau kuitia. Una mengi mwaka huu." Nikasema, "Nimeitia kwa mkono wangu huu." Akasema, "Haya mama, haidhuru." Halvard alikuwa anatazama bakuli lake. Kisha akaondoka mezani akavaa koti zito la baba yake, maana lake la mjini ni jembamba, akaenda kuzoa theluji mlangoni ili tuweze kutoka kwenda kanisani na kuwasha mshumaa kaburini, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema baridi imezidi.

Tangu siku hiyo nikaanza kujitilia shaka, nikabandika vikaratasi kwenye friji, funga mlango, zima jiko, na nguruwe yule nikamweka kabatini, amekauka kama ukuni lakini nashindwa kumtupa.

Mwezi wa Mei nilitoa koti la Torleif nje lipigwe upepo, nikatia mkono mfukoni kwa mazoea, maana daima aliacha kipande cha kamba humo, nikakuta lozi. Imefungwa kwenye kitambaa cha karatasi chenye kengele nyekundu, ambacho pakiti yake niliifungua siku ile ile ya mkesha. Nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu. Halafu nikaanza kujiuliza, ni nani? Nadhani ni Tuva, alimpenda sana babu yake, lakini siku nyingine nadhani ni Ragnhild.

Sijamwambia mtu. Wiki iliyopita Ragnhild alipiga simu kutoka Oslo akasema, "Mama, mwaka huu njoo kwetu, usijichoshe na sufuria, tunaona unasahausahau." Nikimwonyesha lozi nitajisafisha, lakini nitakuwa nimeanika siri ya mtu ambaye labda aliifanya kwa uchungu. Nikinyamaza, nyumba hii itakaa giza mkesha wa Krismasi, na nani atawafungia ndege mganda wa shayiri nje wapate kula Krismasi, nani atamwashia Torleif mshumaa? Nifanye nini? Na wewe unadhani ni nani?

Gudveig, Tynset

JIBU

Mama Gudveig,

Pole kwa kuondokewa na Torleif. Huyo wa kusali na lozi shavuni ningependa kumfahamu.

Akili yako ni nzima. Vikaratasi vibandue leo, isipokuwa cha jiko, hicho hata mimi ninacho.

Sasa tumwondoe Tuva. Mtoto wa miaka sita hamwachi nguruwe wa marzipani kwa ajili ya huzuni. Angeitema lozi mezani na kupiga kelele hadi jirani asikie. Ragnhild naye angekuwa anajua ilipo, asingekupigia simu kukuambia unasahau. Usimkasirikie, alisema alichokiona.

Rudia kusoma barua yako. Unaniuliza nani alilifikia koti, na wewe mwenyewe umeniandikia nani alilivaa. Mwanao alipata lozi Krismasi ya kwanza bila baba yake. Ilimkwama shavuni, hakuweza kuitoa na kucheka. Akampelekea bingwa. Umeishi naye miaka yote hiyo, na macho mekundu ukaambiwa ni baridi, ukakubali! Na mwanao nina neno naye: kumwacha mama yako aonekane msahaulifu mwaka mzima kwa sababu umeona haya kulia, hilo si jambo dogo, Halvard.

Lakini usimhoji, wala usiianike lozi mezani. Mpigie yeye, si mkewe, na ufanye hivyo kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Sema hivi: "Krismasi ni kwangu. Lozi ya mwaka jana nimeiona, iko salama." Kisha nyamaza. Atakaponyamaza na yeye, usimsaidie kwa maneno. Kumweleza Ragnhild mwachie yeye mwenyewe, ni deni lake. Akikosa kumweleza mpaka mfike mezani, hapo utasema wewe, kwa sentensi moja.

Shayiri inunue mapema. Lozi mpya itie mbele ya Tuva, awe shahidi wako.

Na koti lirudishe msumarini. Yule nguruwe aliyekauka mtie mfukoni, amekuwa wa Halvard siku zote. Wakifika, kabla hata hawajavua viatu, mwambie, "Mwanangu, theluji imeziba mlango wa nyuma, hebu vaa la baba yako." Halafu ingia jikoni ukoroge uji, usichungulie dirishani.