Baba Ameacha Kulinda Furu kwa Sababu ya Kondoo wa Uingereza

Mama Modesta, shikamoo. Naomba msaada wako kama unavyowajibu wengine gazetini, na unisamehe kama mwandiko unayumba, kwa sababu naandika nina hasira na mdogo wangu Nathaniel, nina hasira na wale wanasayansi wa Uingereza na kondoo wao, na ukisoma mpaka mwisho utaona nina hasira na nani mwingine.

Mimi naitwa Bernadeta, nimeolewa hapa hapa Kigongo, nyumba ya tatu kutoka kwa baba yangu Mzee Luhaga, na baba yangu huyu, tangu sangara wajae ziwani wakala furu, samaki wetu wadogo, mpaka wakaanza kuisha, amekuwa na kazi moja ambayo hakutumwa na mtu, kila asubuhi anachukua fimbo yake anakwenda kukaa kwenye mawe yaliyo mbele kidogo ya kivuko, kwa kuwa ni pale tu walipobaki wale furu wadogo wenye kidevu chekundu, ambao sisi tukiwa watoto mama alituvulia kwa ndoano akatupikia, na mtu akija na kokoro, wavu ule wa kukokota, au na ile dawa ya wadudu wa pamba akitaka kuimwaga majini apate samaki wa haraka, baba anasimama, hasemi mengi, anaonyesha fimbo tu, na watu wanamwamkia wanaondoka, miaka tisa yote, wengine wakimcheka lakini wakiondoka.

Basi Pasaka ya mwaka huu Nathaniel akaja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam na gazeti mkononi, akakaa na baba uwanjani akamsomea habari za yule kondoo aliyetengenezwa kutokana na kondoo mwingine bila dume, baba akasema alisikia redioni akadhani ni utani, Nathaniel akamwambia si utani hata kidogo, na hapo akaongeza la kwake, kwamba miaka michache ijayo wanyama waliokwisha duniani watarudishwa wote, hata furu, kinachotakiwa ni kipande cha nyama tu. Baba akanyanyuka akaingia ndani, akatoka na chupa yenye furu mmoja ambaye marehemu mama alimvua, baba akamhifadhi kwenye spiriti mwaka ule ule mama alipofariki. Akauliza, "Huyu anatosha?" Na Nathaniel, bila haya, akajibu, "Anatosha, baba."

Kesho yake baba hakwenda kwenye mawe. Aliniletea fimbo yake, akasema niifanyie kazi yoyote, yeye amestaafu. "Mbegu ipo chupani," akaniambia, na alikuwa amefurahi mno, sikuwahi kumwona hivyo tangu mama afe. Chanja changu cha kuanikia samaki kilikuwa kimelegea mguu mmoja, nikaisimika ile fimbo pale.

Sasa ndiyo nafika kwenye kinachonichoma. Mume wangu Machibya anavua sangara kwa kamba ndefu zenye ndoano mamia, wanachukuliwa na magari ya barafu ya viwandani, na kila ndoano inataka chambo, na sangara hana chambo anachokipenda kama furu, lakini Machibya alimheshimu mkwe wake, hakuwahi kugusa yale mawe. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia baba mwenyewe anasema watatengenezwa wengine, sasa tunaogopa nini, na nikaenda naye nimebeba beseni, tukavuta kokoro mara nne ndani ya wiki mbili, mara ya kwanza beseni lilijaa, mara ya nne tulipata furu kumi na mmoja, na waliozidi kwenye ndoano niliwaanika juu ya kile kile chanja. Wenzetu walipotuona, wakaingia nao. Leo ni Agosti, ukitupa makombo ya ugali pale kwenye mawe, yanazama tu.

Baba hajui. Anashinda uwanjani anaifuta ile chupa kwa kitambaa, anamngoja Nathaniel aje Krismasi aichukue. Juzi kaniuliza furu wa kwenye mawe wanaendeleaje, nikamjibu wapo, baba, nikarudi kwangu nikalia. Nathaniel nilimwandikia, akanijibu nisiwe na wasiwasi, sayansi inasonga mbele, nikaichana barua yake vipande vipande. Mama Modesta, nimwambie baba nimuue kwa uchungu, au ninyamaze nisubiri hao wataalamu watimize? Na hivi ni haki kweli watu kuchezea vitu vya Mungu namna hii, halafu wanaoumia tuwe sisi?

Bernadeta, Kigongo.

Marahaba, Bernadeta. Mwandiko wako hauyumbi. Ulichoandika ndicho kimenitoa jasho.

Tuanze na unaowachukia. Waliomtengeneza yule kondoo hawakumtaja furu, na Kigongo hawajawahi kuisikia. Aliyemtaja ni Nathaniel, kijana aliyesoma nusu ya habari akamjaza mzee upepo kwa sababu alipenda kuonekana msomi uwanjani kwa baba yake. Nimemuuliza mwalimu wa baiolojia hapa mjini. Kondoo yule alitokana na chembe iliyotunzwa ikiwa hai, akabebwa tumboni na kondoo jike mzima. Furu wenu amelala kwenye spiriti miaka yote hiyo. Huyo si mbegu, ni kumbukumbu ya mama yenu, na kumbukumbu haibebwi kwenye begi kwenda Dar es Salaam.

Halafu wewe umekulia ziwani. Umeona mwenyewe furu jike anavyotunza watoto wake mdomoni, ukimfungua mdomo wanamwagika mkononi mwako. Hata hao wataalamu wakifaulu, nani atawatunza hao watoto, kama majike wote mmewatundika kwenye ndoano?

Umeuliza kama ni haki. Anayetaka kujaribu kumrudisha mnyama aliyekwisha, ajaribu, mimi sigombani na elimu. Ila asiahidi! Ahadi imefika Kigongo kabla ya mnyama, na imeshaua. Na huyo furu wa maabara wakimleta watammwaga wapi? Humu humu, mbele ya sangara hao hao, na Bernadeta amesimama na beseni.

Sasa nakugeukia wewe. Pale kwenye mawe hapakuwa na askari wala sheria iliyobandikwa. Palikuwa na mzee, fimbo, na adabu yenu. Mzee alidanganywa, sawa. Wewe hukudanganywa. Ulijua unachokifanya, ukajitia hamnazo kwa sababu chambo kilikuwa karibu. Nakuhurumia, najua magari ya barafu hayamngoji mtu, na mtu mwenye roho mbaya asingekaa kuniandikia yote haya. Lakini usinitwishe mimi zigo lako, wala usimtwishe kondoo.

Usingoje Krismasi. Nenda asubuhi, na Machibya aende, asijifiche nyuma ya heshima ya ukwe. Usianze na Nathaniel. Anza hivi: "Baba, ni mimi." Akikasirika, nyamaza. Asipokusemesha mwezi mzima, mwamkie kila siku hivyo hivyo. Machibya atafute kambare wadogo wa chambo, wapo. Nathaniel mwandikie aje mwenyewe amweleze baba yake kwamba alisema asilolijua.

Na jambo moja umelipita haraka. Mara ya nne mlipata kumi na mmoja, na kokoro haliingii kwenye nyufa za mawe. Huenda wamebaki wachache, huenda hayupo hata mmoja. Mimi sijui, wewe hujui, na Nathaniel ndiye hajui kabisa. Anayejua pa kuangalia ni mtu mmoja tu, na ameketi uwanjani anafuta chupa kwa sababu ulimwambia wapo.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, chomoa ile fimbo. Chanja kikianguka, kianguke. Umpe kwa mikono miwili.