Chupa ya Tatu ya Dawa

Kitale, 14 Septemba

Wifi Edinah,

Mahindi yameanza kukauka. Chupa ya tatu ya dawa chungu ya mama yenu imefika kutoka Bungoma. Mwambie aache, bana! Ati mimi tasa! Karatasi ya hospitali iko hapa, daktari amenifafanulia. Mwili wa baba yenu ulipotengeneza mbegu iliyomzaa Hesbon, kromosomu X na Y zilibadilishana vipande kama kawaida, lakini kipande cha kuumba mwanaume kikahamia kwenye X. Ndiyo maana kakako ni mwanaume mwenye X mbili, na hawezi kuzaa. Mwambie baba wewe. Mimi siwezi kumtamkia mkwe hayo.

Karatasi niliipata juzi kwenye koti la Hesbon. Ni ya Machi. Chupa ya pili, ya Juni, alinimiminia yeye mwenyewe.

Mwihaki