Gololi Mdomoni mwa Joka

Dada Koku, shikamoo. Wanao hawajambo?

Joto la Doha linababua hata kivulini, ila kwenye ukumbi wa makumbusho ninakolinda AC inagandisha vidole. Leo wameonyesha chombo cha kale cha kupima tetemeko, mtungi wa shaba wenye vichwa vya majoka. Fundi aligonga meza, gololi ikamtoka joka mmoja mdomoni, watu wakapiga makofi. Mtoto akauliza, "Kinawahi kuwaambia watu watoke?"

"Hapana," fundi akajibu. "Kinaonyesha tu tetemeko limetokea upande gani."

Mlinzi mwenzangu, Mnepali, hakupiga makofi, wala mimi. Akaninong'oneza, "Tetemeko la kwenu lilimchukua nani?"

"Mama. Jikoni."

Wabusu wanao, kisha uhamishe kitanda chao mbali na ule ukuta wenye ufa. Usisubiri nirudi kuuziba.

Mdogo wako,
Rwega