Mwizi Mashoto

Jumatano

Kozi ya wiki moja haitoshi. Leo nimelithibitisha hilo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwalimu Shomari, anayetufundisha kujihami baada ya kozi yake ya wiki moja, aliniita mbele. "Nikamate kama mwizi." Nikamkamata kwa kushoto, maana mimi ni mashoto. Akajipinda huku, akajipinda kule, wapi!

"Siyo hivyo, Mwanaidi! Tumia mkono wa kulia!"

"Samahani, mwalimu. Na mwizi akiwa mashoto, nimwombe abadilishe?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilicheka kidogo tu. Ile njia ya mikorosho ya kurudi nyumbani Dutumi naipita peke yangu, jioni.

Baadaye akaniita pembeni. Nikajua nimekwisha. Kumbe: "Kule kozini hatukufika kushoto. Kesho uwahi, unikamate tena mpaka nijinasue."

Nitawahi. Ila sitamwachia kirahisi.