Mkaa wa Sotet na Programu ya Chepkorir

Boito, Konoin,
Kaunti ya Bomet.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa kaka yangu Bethwel,

Chamgei! Chamgei mara nyingi kutoka nyumbani, na uitikie kwa sauti hata kama uko peke yako huko Perth. Hali yako? Mgongo je, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye lile lori la mgodi? Unakula chakula cha maana, ama bado ni mikate na soda? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama ana kile kikohozi chake cha asubuhi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, anatuamrisha kama kawaida.

Mvua imenyesha vizuri na majani chai yanatoka mpaka wachumaji wanalalamika. Yule ng'ombe mweusi uliyemnunulia Mama amezaa ndama jike, mzuri sana, ana alama nyeupe kwenye paji la uso. Mama haruhusu mtu mwingine amkamue.

Barua hii anakuletea Jecinta, binti wa Kinuthia, meneja wa ushirika wetu wa maziwa. Anakuja kusoma huko, kwa hiyo mpokee kama mtoto wa nyumbani. Mama alitaka kumbebesha mursik, yale maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni. Tukamwambia kwamba watu wa uwanja wa ndege huko wataimwaga, akauliza kama hao watu hawakuzaliwa na mama. Basi nimekutumia majani chai tu, na sweta aliyoifuma mwenyewe.

Sasa kaka, keti vizuri. Nimeshika kalamu kwa sababu nikikupigia na kutaja jina la Chepkorir, unaniambia mtandao ni mbaya. Huo mtandao wa Perth ulianza kuharibika lini? Tangu Aprili, binti yako alipoikataa kazi uliyomtafutia huko, hujashika simu yake hata moja. Mimi ni senge yake, dada ya baba yake, na unajua mwenyewe kwamba kwetu senge hanyamazi mtoto akionewa.

Jambo lenyewe ni hili. Ushirika unataka kumpa Chepkorir mkataba wa kuendesha programu aliyoitengenezea maabara ya maziwa. Karatasi ziko tayari mezani kwa Kinuthia. Mtoto amekataa kutia sahihi mpaka asikie neno lako. Nimemwambia wewe ni mtu mzima, tia sahihi, baba yako atapoa. Wapi! Anasema hawezi kuanza kazi ya maisha yake bila baraka ya baba. Kamati itamngoja hadi mwisho wa mwezi huu, kisha watatafuta mtu mwingine. Kwa hiyo soma kwanza alichofanya, halafu uamue kama bado una sababu ya kununa.

Unaikumbuka maabara yetu, kale kachumba nyuma ya tangi la kupoza maziwa. Mtaalamu wake ni Ombati, yule Mkisii mrefu mwenye mikono kama sepetu. Kazi yake ni kupima maziwa ya kila mkulima kabla hayajamwagwa tangini. Hunusa, huchanganya tone na spiriti aone kama yataganda, hutumbukiza laktomita aone kama yametiwa maji. Majibu alikuwa akiyaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye vigae vya ukutani. Vigae vikijaa, anapangusa. Kinuthia akitaka hesabu ya wiki, hakuna. Na mkulima ambaye maziwa yake yamekataliwa aliambiwa na mtu wa boda boda anayeyabeba neno moja tu, "yamerudi," basi.

Chepkorir alipokuja na kompyuta yake nilidhani ataketi ofisini, abonyezebonyeze, atuletee kitu cha kung'aa. Kumbe! Majuma ya kwanza hakufungua hiyo kompyuta. Alivaa gambuti na aproni, akawa anamwoshea Ombati chupa. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo digrii tuliyomchangia. Akacheka, akaniambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali ni yangu mimi mwenyewe, nilimfundisha akiwa darasa la nne, na sasa ananirudishia.

Na kunguni akawaona. Aliona kwamba mikono ya Ombati daima ina glavu zilizolowa maziwa, kwa hiyo kibodi kwake ni adhabu. Akamtengenezea tableti inayoning'inia ukutani palepale penye vigae, yenye picha kubwa, swali moja kwa kila ukurasa, na anaweza kujibu hata kwa kifundo cha kidole. Ombati alikuwa amenuna, anasema yeye ni mtu wa maabara, si karani. Siku hizi ukiigusa hiyo tableti bila ruhusa yake anakufukuza.

Kinuthia naye alitaka kila kitu: michoro, rangi, duara zilizokatwa kama keki. Chepkorir hakubishana. Alimuuliza tu asubuhi huwa anaamua nini. Mzee akafikiri, akasema anaamua kama ataita lori la mnunuzi au angoje. Basi akapewa ukurasa mmoja wenye jibu la swali hilo, maziwa mazuri ni kiasi gani na njia gani ya kukusanyia ina shida. Amefurahi hadi anautazama akiwa kanisani, na mkewe Gathoni amemkanya.

Lakini usidhani ilikuwa mteremko. Ilifika mahali nikaogopa, na hapo ndipo nilipomjua huyu mtoto.

Unajua tunavyotayarisha sotet, kibuyu cha mursik. Unachoma kijiti cha mti wa senetwet, unaponda lile kaa ndani, unasugua mpaka kibuyu kinukie. Mwanamke wa huku husifiwa kwa hilo. Sasa wanawake wa kilima chetu walifanya nini? Walianza kuisugua kwa mkaa hata mitungi ya aluminiamu ya kupelekea maziwa ushirika. Kwa heshima! Kwamba maziwa yanayokwenda kwa watu yasiingie kwenye chombo kitupu. Ombati akinusa anasikia moshi, akiangalia anaona punje nyeusi. Na programu ilimpa picha mbili tu za kuchagua, safi au chafu. Akabonyeza chafu.

Wee! Caren, jirani yetu, akapata ujumbe kwenye simu: maziwa yako ni machafu, yamekataliwa. Ujumbe wenyewe aliusoma mtoto wa shule, kwa sauti, mbele ya mashemeji. Caren alishuka mpaka maabara na mtungi wake, akamtaka Ombati achungulie ndani amwonyeshe uchafu uko wapi. Wanawake wa kilima kizima wakamuunga mkono. Wakaacha kuleta maziwa, wakawapa wachuuzi wa barabarani. Lori likawa linaondoka nusu. Kwenye kamati mtu akasimama akasema mashine ya mtoto wa Bethwel izimwe, na wengine wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi hapo, na roho iliniuma.

Chepkorir alisimama akasema maneno machache. Hakusema wanawake hawaelewi teknolojia. Hakumlaumu Ombati. Alisema, "Kosa ni langu. Nilimpa Ombati maswali mawili, akanipa majibu mawili. Nipeni nafasi niende niulize la tatu."

Akaenda kwa Caren na kilo ya sukari, akaomba afundishwe kuosha mtungi. Nilikwenda naye. Caren alimfundisha kwa madaha yote, kaa la senetwet likiingia mtungini, na Chepkorir ameketi kwenye kigoda, anauliza, anasikiliza. Ningekuwa mimi ningepiga kelele palepale. Yeye alimshukuru, akanywa chai, akaenda jikoni la pili, na la tatu. Jioni alikuwa ananuka moshi kama nyama ya kukausha, na uso wake unacheka.

Basi akabadilisha kila kitu. Sasa Ombati haulizwi safi au chafu. Anaulizwa ameona nini: moshi, maji, kuganda, dawa ya ng'ombe. Na kila jibu linamfikia mkulima pamoja na la kufanya. Ujumbe wa kusoma akauondoa kwa wasioutaka, akaweka simu inayopiga na kuongea Kikipsigis, ili mama asikie mwenyewe sikioni kwake, si kwa mtoto mbele ya wageni. Kwanza aliweka sauti ya kijana mmoja wa Kericho mjini. Wanawake wakamkatia simu, wakidhani ni wale matapeli wanaosema umeshinda gari.

Ndipo akamwendea Mama. Ndiyo, mama yetu, wewe cheka tu. Alimwandalia maneno ya kusema, na Mama akayakataa. Akasema maziwa ni baraka, hayaitwi machafu na hayakataliwi, na yeye hatatamka neno hilo kinywani mwake. Akasema ya kwake: "Mama, leo maziwa yako yana harufu ya moshi. Mkaa ni wa sotet. Mtungi wa ushirika uoshe kwa maji moto, uuanike juani. Kesho tuletee tena. Asante, kongoi." Katikati akakohoa. Chepkorir hakubadilisha hata neno moja, na kikohozi akakiacha. Nilimwambia akitoe. Akasema, senge, hicho ndicho kitawafanya waamini kwamba ni mtu.

Bethwel, wanawake walirudi. Wa kwanza alikuwa Caren, na mtungi unang'aa. Wanapopigiwa wanaitikia, "Haya mama," na hali wanajua ni mashine. Kanisani watu ambao hatuwajui wanamsalimia Mama kwa kikohozi chake. Yeye mwenyewe akipigiwa kuhusu maziwa yake anabishana na sauti yake mpaka simu inakatika. Ushirika wa Roret umeomba programu hiyohiyo, na mwalimu mmoja wa chuo cha Kabianga alileta wanafunzi wake waje waone. Walitaka kuona kompyuta. Chepkorir akawapeleka kwanza jikoni kwa Caren.

Nikuambie wazi, najivunia huyu mtoto mpaka nalia peke yangu nikichambua mboga. Akili tunazo wengi. Lakini mtu wa kumwangalia Ombati akaona glavu, akamwangalia Kinuthia akaona wasiwasi, akamwangalia Caren akaona heshima yake, huyo ni wa kuombewa maisha marefu. Hakuikataa kazi yako kwa kiburi. Aliniambia huko angewatengenezea watu ambao hatawahi kukaa jikoni kwao. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wewe ndiwe uliyemsomesha, kwa mgongo huo unaouma. Njoo uvune basi, usikae pembeni ya shamba lako ukinung'unika.

Mathew, mume wangu, anakusalimu na anasema lile panga lako amelitunza. Elmina mdogo wetu anakusalimu kutoka Roret, duka lake linaendelea. Caren anakusalimu, na Ombati pia, anasema akuone kabla hajastaafu. Mama hasalimu kwa karatasi. Amesema atakusalimu mwenyewe, na hilo ndilo jambo langu la mwisho.

Katika programu kila nyumba ina simu ya kupigiwa. Nyumba yetu ilikuwa na ya Mama tu, na kwa kuwa anagombana na mashine, Chepkorir alimuuliza aongeze simu ya nani. Mama akasema ng'ombe ni wa Bethwel, na apigiwe Bethwel. Kwa hiyo Jecinta akishakukabidhi barua hii atatujulisha, na kesho yake mchana wa huko simu yako italia kwa namba usiyoijua. Ishike. Utasikia kikohozi, halafu Mama atakuambia kwamba maziwa ya nyumbani kwako ni mazuri.

Mwishoni ataongeza kwamba ukitaka kuongea na mtu, ubonyeze mbili. Wakulima wote wakibonyeza mbili wanampata Ombati. Wewe ukibonyeza mbili, inalia simu ya Chepkorir. Sikumwomba afanye hivyo, amelipanga mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini, alisema baba yake si mtu mbaya, ni vile tu kuanza kunamshinda, kwa hiyo amempunguzia kazi mpaka ikabaki kidole kimoja.

Mungu akulinde barabarani, akuponye mgongo, akulainishe na moyo.

Bonyeza mbili, kaka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,
Edinah.