Rangi Kumi na Sita na Skrini ya Baba Keza

Jumapili. Mvua inanyesha hapa mtaani kwetu Kibagabaga tangu tulipotoka misa. Nina shukrani na nina aibu, na sijui nianze na ipi.

Nianze na aibu.

Nafuma sweta za shule. Michoro naiandaa kwenye programu ya zamani iliyokuja na mashine ya kufumia, na kwa miaka nimelalamika kwamba ina rangi kumi na sita tu, na humo rangi ya damu ya mzee na zambarau hazitofautiani. Nililalamika tu, kama mtu anavyolalamikia goti lake. Kumbe mume wangu alikuwa anasikia. Alhamisi alitoka kazini uwanja wa ndege wa Kanombe, kwenye mizigo, akaja kwa pikipiki amepakata skrini mpya.

Nikaiwasha, nikafungua programu yangu. Rangi zilezile kumi na sita.

“Baba Keza, umeuziwa mbuzi kwenye gunia,” nikamwambia, tena mbele ya mtoto. Jana asubuhi akairudisha dukani.

Mchana akarudi nayo; dukani waliijaribu wakaona haina kasoro. Akaiunganisha, akafungua picha aliyonipiga mwaka tuliooana.

“Mama Keza, kuja uone. Hii skrini iko nzima.”

Ilikuwa nzima. Niliona mpaka vumbi jekundu kwenye pindo la kitenge changu.

Nikampigia fundi wa mashine, akacheka sana. Alisema programu yangu iliandikwa wakati kompyuta zilikuwa na kumbukumbu finyu, ndiyo maana walioitunga wakaipa orodha ya rangi kumi na sita, kila moja na namba yake. Hata nikiiwekea skrini yenye mamilioni ya rangi, yenyewe itaita hizo kumi na sita tu, kwa kuwa ndizo inazozijua. Skrini haiwezi kuonyesha kisichoombwa.

Basi skrini haikuwa na kosa. Wala aliyeinunua.

Leo njiani kutoka kanisani nimemwomba radhi. “Haina shida,” akasema. “Chai iko?”

Nilidhani namjua huyu mtu: hapendi dengu, anakoroma, anasahau mwavuli. Sikujua kwamba anayaweka moyoni manung’uniko yangu ya kufuma. Miaka kumi na moja namwuliza mambo yaleyale, halafu nasema hana mengine.

Mungu wangu, asante kwa Baba Keza.

Chai imeiva. Naenda kumwuliza jambo ambalo sijawahi kumwuliza.