Mahubiri ya Nduta kwa Mdomo wa Graham

Ijumaa jioni, Wadi Kabir, Muscat.

Joto la leo lina unyevu wa kukera, blauzi inaganda mgongoni, na mimi nina hasira. Wacha niandike kabla sijaanza kujifanya nimesamehe.

Chuo chetu cha theolojia hukutana Ijumaa katika jengo la kanisa. Wanafunzi karibu wote ni Wazungu waliokuja Muscat na kazi zao nzuri. Sisi Wakenya ni wachache, tunakaa nyuma, na tunapendwa sana. Tunapendwa tukiimba. Sherehe ikifika tunaambiwa tulete ile furaha yetu, tukimaliza tunarudi nyuma.

Ili upate kibali cha kuhubiri, lazima usimame madhabahuni uhubiri mbele ya waumini. Leo ilikuwa zamu ya Nduta, wa kwanza kati yetu. Nduta hufanya kazi za nyumbani kwa watu, na tunaishi chumba kimoja. Alichagua habari za Hajiri, yule mjakazi aliyefukuzwa jangwani na mtoto wake. Wiki nzima ametuhubiria hapa chumbani huku akipiga pasi, mpaka tukajua mahali pa kulia.

Asubuhi mkuu wa chuo akamwita kando. Mkuu wetu huuma huku akipuliza. Alisema lafudhi yake ingewachosha waumini, kwa hiyo Graham, Mzungu wa darasa letu, angemsomea. Kibali kingesubiri.

Graham ana kibali tayari.

Sisi wa nyuma tukakubaliana kunyamaza. Kwetu mhubiri hapandi kimya, huimbiwa mpaka ashike maikrofoni. Leo Graham angepanda akisikiliza viatu vyake mwenyewe.

Akainuka. Kimya. Nilifurahi, Mungu anajua. Nilitamani ajikwae kwenye zulia.

Halafu wimbo ukaanza, na aliyeuanzisha ni Nduta.

Nduta mwenyewe, macho ameyafumba, sauti haitetemeki. Na kwetu anayeanzisha wimbo haachwi peke yake. Tukaitikia. Tukampandisha Graham kama askofu.

Na alisoma vizuri, mjinga yule. Pale Nduta alipoandika "nilipofungiwa nje," yeye akasoma "rafiki zetu wanapofungiwa nje." Mama mmoja mbele yangu alilia mpaka akatoa kitambaa. Baada ya ibada alimshika Graham mkono, akamwambia kwamba anayajua maumivu kwelikweli. Nduta akapita kando yao na sinia la vikombe. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemzuia.

Mkuu akatujia akitabasamu. Akasema mmeona, kila mtu ana karama yake.

Kwenye teksi nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza Nduta kwa nini ametuaibisha.

"Hayo maneno ni yangu, dada," akasema, akiangalia nje. "Singeyaacha yapande huko juu peke yake."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia. Nikageukia dirisha langu mpaka tukafika nyumbani.

Sasa anapiga pasi sare yake ya kesho, na hahubiri.

Zamu inayofuata ni yangu. Sijui niandike mahubiri, ama nichague tu wimbo wa kumpandisha atakayeyasoma.